Nyota wa Ujana Wanapozeeka: Hamu ya Zamani, Masikitiko na Afya ya Mtazamaji

Utangulizi

Mwezi Aprili 2025, waigizaji watano walikaa pamoja jukwaani jijini Chicago, Marekani, mbele ya mashabiki waliowajua tangu ujana wao. Walikuwa Emilio Estevez, Anthony Michael Hall, Judd Nelson, Molly Ringwald na Ally Sheedy, wahusika wakuu wa filamu The Breakfast Club iliyotoka mwaka 1985. Katika filamu hiyo wao ni wanafunzi wa sekondari walioadhibiwa kushinda Jumamosi nzima ndani ya maktaba ya shule. Jukwaani, miaka 40 baadaye, walikuwa watu wazima wa umri kati ya miaka 56 na 65, na nyuso zao zilionyesha miaka hiyo yote.

Mikutano ya namna hii huamsha hisia mbili kwa wakati mmoja. Mtazamaji hufurahi kama aliyekutana na rafiki wa shule baada ya miaka mingi, papo hapo huchomwa na kitu moyoni, akajisemea, “Kumbe naye amezeeka!” Wengine huishia hapo. Wengine husikitika kwa siku kadhaa, na baadhi hugeuza masikitiko kuwa kejeli: huyu amechakaa, yule amejiharibu kwa upasuaji, fulani angebaki tu ndani ya filamu.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lisilostahili kujadiliwa na watu wa tiba. Hata hivyo, jicho linalomtazama nyota aliyezeeka kwa masikitiko ndilo hilo hilo linalojitazama kwenye kioo kila asubuhi, na kwa mhudumu wa afya ndilo linalomtazama mgonjwa mwenye umri mkubwa anapoingia chumba cha daktari. Makala hii inaeleza hisia hizo zinatoka wapi, uso wa binadamu hubadilika vipi, na kwa nini kauli nyepesi ya “ni uzee tu” yaweza kumgharimu mtu afya yake.

Hamu ya zamani katika historia ya tiba

Hamu ya zamani iliwahi kuhesabiwa kuwa ugonjwa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari katika mji wa Basel, Uswisi, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurejea nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu, akaunda neno nostalgia. Alilitumia kuelezea hali ya watu waliokuwa mbali na kwao, wakiwamo askari wa Uswisi waliotumikia nchi za kigeni, ambao walikosa usingizi, walikosa hamu ya chakula na walizidiwa na huzuni. Dawa iliyoaminiwa zaidi ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Baadaye maana ya neno hilo ilihama kutoka mahali kwenda wakati. Hapo ndipo tiba ya Hofer iliposhindwa. Aliyekosa nyumbani aliweza kupandishwa gari la farasi akarudi kwao. Aliyeukosa ujana wake hana chombo cha kumrudisha. Ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Utafiti wa miongo ya karibuni, ukiwamo wa wanasaikolojia Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, umeiondoa hamu ya zamani katika orodha ya maradhi. Umeonyesha kwamba mara nyingi hisia hii huja mtu anapokuwa mpweke au mnyonge, na kwamba kwa watu wengi humwachia faida: humkumbusha kwamba aliwahi kupendwa, kwamba ana watu wake, na kwamba maisha yake yana maana. Ni hisia yenye utamu uliochanganyika na uchungu, na kwa kawaida utamu ndio huzidi.

Kwa nini nyuso za ujanani hung’ang’ania kumbukumbu

Mtu mzima akiombwa asimulie mambo makubwa ya maisha yake, masimulizi mengi huangukia kati ya umri wa miaka 10 na 30, hasa miaka ya mwisho ya ubalehe na ya mwanzo ya utu uzima. Wataalamu wa kumbukumbu huona kipindi hicho kama mwinuko katika mchoro wa maisha. Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Mambo mengi hutokea kwa mara ya kwanza katika umri huo, na jambo la kwanza huacha alama kuliko la kumi. Ni umri ambao mtu hujiuliza yeye ni nani na angependa kuwa nani. Tena ubongo ungali unakomaa na hisia zina nguvu sana.

Filamu iliyotazamwa katika kipindi hicho huingia katika kumbukumbu pamoja na mengine yote: marafiki waliokuwapo, nguo zilizovaliwa, mtu aliyependwa kimyakimya. Uso wa mwigizaji huwa kama kipini cha mlango. Ukishikwa, chumba kizima hufunguka.

Kuna jambo la pili. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl walieleza jinsi watazamaji wanavyojenga uhusiano wa upande mmoja na watu wa kwenye skrini. Mtazamaji humjua nyota, humwonea huruma, hufurahi naye. Nyota hana habari. Ubongo, hata hivyo, huuchukulia uhusiano huo kwa uzito unaokaribia ule wa urafiki wa kweli. Ndiyo maana kifo au uzee wa mtu ambaye hatujawahi kukutana naye waweza kuuma kama wa jirani.

Jambo la tatu ni kwamba filamu haizeeki. Molly Ringwald alikuwa na miaka 16 wakati The Breakfast Club ilipopigwa, na kila inapooneshwa yungali na miaka 16. Tena ujana ule wenyewe ulikuwa umetengenezwa kwa sehemu. Judd Nelson alikuwa na miaka 24 alipoigiza mwanafunzi wa sekondari, na Michael J. Fox alikuwa na miaka 23 alipoigiza kijana wa miaka 17 katika Back to the Future, filamu nyingine ya mwaka 1985. Taa, vipodozi na uteuzi wa picha vilifanya kazi iliyobaki. Anayelinganisha uso wa leo na ule wa zamani analinganisha mwili wa mtu na kazi ya sanaa.

Hali si tofauti pwani ya Afrika Mashariki, ambako filamu za Kihindi zilijaza kumbi za sinema kwa miongo mingi. Bobby, filamu ya mapenzi ya vijana iliyotoka India mwaka 1973, iliwafanya Dimple Kapadia, aliyekuwa na miaka 16, na Rishi Kapoor, aliyekuwa na miaka 21 ilipoanza kuoneshwa, kuwa sura za ujana kwa kizazi kizima. Rishi Kapoor alifariki dunia mwaka 2020 akiwa na miaka 67, baada ya kuugua saratani ya damu. Waliompenda katika Bobby walimwomboleza mzee, na pamoja naye wakamwomboleza kijana.

Uso hubadilika vipi

Uso hauzeeki kwenye ngozi peke yake. Hubadilika katika mifupa, mafuta, misuli na ngozi kwa pamoja.

Mifupa ya uso hupungua polepole. Matundu ya macho hupanuka na taya hupungua ujazo, zaidi kwa mtu aliyepoteza meno. Vifuko vya mafuta vinavyojaza mashavu ya kijana hupungua na kushuka, na ndiyo maana macho huonekana yamezama na mistari huonekana kando ya pua na mdomo. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka wa utu uzima. Kwa mwanamke, kupungua huko huongeza kasi hedhi inapokoma. Katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hapo ngozi yaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Seli zinazotia nywele rangi huchoka, na mvi hutokea. Nyuzi za sauti nazo hubadilika, hivyo hata sauti iliyopendwa haibaki ile ile.

Miale ya urujuanimno ya jua na uvutaji wa sigara huharakisha mabadiliko ya ngozi kuliko sababu nyingine nyingi za nje. Ngozi nyeusi hupata kinga kwa wingi wa melanini, na mikunjo huchelewa kutokea. Badala yake, dalili ya kwanza ya uzee huweza kuwa madoa na rangi isiyolingana. Mabadiliko haya yote, yakija polepole na pande zote mbili za uso, si ugonjwa. Ni kazi ya kawaida ya mwili ulioishi.

Masikitiko yanatoka wapi

Ikiwa kuzeeka ni jambo la kawaida, kwa nini uso wa nyota aliyezeeka humshtua mtazamaji kuliko uso wa kaka yake? Sababu ya kwanza ni mruko. Kaka huonekana kila mwezi, na jicho huzoea mabadiliko madogo madogo. Nyota huonekana akiwa na miaka 16, kisha hupotea, kisha huonekana akiwa na miaka 57. Hakuna daraja katikati.

Sababu ya pili iko ndani ya mtazamaji. Mwaka 2006 David Rubin na Dorthe Berntsen walichapisha utafiti uliofanyika Denmark ambao ulionyesha kwamba watu waliovuka miaka 40 hujihisi wadogo kwa takriban asilimia 20 kuliko umri wao halisi. Kwa wastani huo, mtu wa miaka 50 hujihisi wa miaka 40. Anapomwona nyota wa rika lake, uso ule humwonyesha miaka 50 kamili, bila punguzo. Anasikitika kwamba nyota amezeeka, lakini habari iliyomfikia ni yake mwenyewe.

Waswahili wana uzoefu unaofanana na huo. Mtu wa miaka 45 hupanda daladala akijiona kijana, mara kijana mwenye ndevu humwamkia, “Shikamoo mzee,” na kumpisha kiti. Heshima aliyopewa ni ya kweli, na mshtuko wake nao ni wa kweli. Nyota aliyezeeka humwamkia mtazamaji wake shikamoo bila kujua.

Sababu ya tatu ni ya kijamii. Nyota, hasa mwanamke, huwekewa mtego usio na mlango. Justine Bateman, aliyepata umaarufu akiwa kijana katika tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1980, aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 2021 kuhusu uso wa mwanamke na umri, baada ya kukuta mtandaoni jina lake likiambatanishwa na maneno ya kwamba anaonekana mzee. Yeye amechagua kutobadilisha uso wake. Jennifer Grey, aliyependwa kama msichana wa Dirty Dancing ya mwaka 1987, alifanyiwa upasuaji wa pua, na watu wakashindwa kumtambua. Kazi yake ya uigizaji ikayumba. Mmoja alilaumiwa kwa kubadilika na umri, mwingine akapotea machoni pa watu kwa kubadilishwa na daktari. Kosa la wote wawili lilikuwa kuacha kufanana na picha.

Masikitiko yanapogeuka madhara

Huzuni ya kitambo mbele ya picha ya zamani haina madhara. Madhara huanza huzuni hiyo inapoota mizizi na kuwa imani kwamba kuzeeka ni aibu.

Mwaka 1969 daktari wa Marekani Robert Butler alikipa jina kitendo cha kumdharau mtu kwa sababu ya miaka yake, akikifananisha na ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kwamba mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee. Ubaguzi huu una sifa ya pekee: anayeuendeleza akijaliwa maisha marefu, humrudia mwenyewe.

Mwaka 2002 Becca Levy na wenzake walichapisha matokeo ya ufuatiliaji wa watu 660 wa jimbo la Ohio, Marekani, waliokuwa na miaka 50 na zaidi, kwa kipindi cha hadi miaka 23. Waliokuwa na mtazamo mzuri kuhusu kuzeeka kwao waliishi kwa wastani miaka 7.5 zaidi ya wale waliokuwa na mtazamo mbaya, hata baada ya kuzingatia umri, jinsi, hali ya uchumi na afya walizoanza nazo. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba mtazamo peke yake ndio uliorefusha maisha. Hata hivyo maelezo yake hayako mbali: anayeamini kwamba uzee ni uozo huona mazoezi, dawa na vipimo kuwa kazi bure.

Madhara mengine huonekana kwenye ngozi. Anayeukimbia umri kwa krimu za kujichubua huweza kujipaka zebaki inayoharibu figo, au steroidi kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu, yaani kuleta kile kile alichokuwa akikikimbia.

Si kila badiliko ni uzee

Hapa ndipo jambo hili linapomhusu mhudumu wa afya moja kwa moja. Michael J. Fox aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1991 akiwa na miaka 29. Dalili ya mwanzo ilikuwa kidole kidogo kilichotikisika chenyewe. Aliuficha ugonjwa huo kwa miaka kadhaa, akautangaza mwaka 1998, na mwaka 2000 akaanzisha taasisi inayofadhili utafiti wake. Katika ugonjwa huu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa. Mwendo huwa mzito na misuli ya uso hupoteza uchangamfu. Asiyejua humwona mgonjwa kama mtu aliyenuna, asiyejali au aliyezeeka kabla ya wakati. Luke Perry, kipenzi cha vijana katika tamthilia ya Beverly Hills, 90210, alifariki dunia mwaka 2019 kwa kiharusi akiwa na miaka 52. Kiharusi hakisubiri mvi.

Mabadiliko yafuatayo hayapaswi kuitwa uzee kabla ya uchunguzi:

- Uso kupinda upande mmoja ghafla, mkono kulegea au maneno kukwama. Hii ni dharura ya kiharusi. Mgonjwa awahishwe hospitali bila kungoja asubuhi.
- Uso usio na mwonekano wa hisia, mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, hatua fupi za kuburuta.
- Uso uliovimba, ngozi kavu, sauti nzito, kusikia baridi na kuchoka, ambavyo huweza kutokana na upungufu wa homoni za tezi ya thairoidi iliyoko shingoni.
- Taya, pua, viganja na nyayo kukua kwa mtu mzima, pete au viatu vikiwa havimtoshi tena. Huenda ni wingi wa homoni ya ukuaji.
- Kukonda bila kukusudia, weupe wa viganja na kope za ndani, au macho ya njano.
- Kusahau kunakovuruga shughuli za kila siku, au kujitenga na kukosa raha ya chochote.

Picha ya zamani kama chombo cha kazi

Picha ile ile inayoleta huzuni yaweza kuwa kifaa cha uchunguzi. Mabadiliko ya polepole hayaonekani na wanaoishi na mgonjwa, na mhudumu anayemwona kwa mara ya kwanza hana cha kulinganisha nacho. Picha ya kitambulisho au ya harusi huonyesha katika dakika moja badiliko lililochukua miaka 10. Mhudumu ajiulize: badiliko hili lilianza lini? Limekwenda kwa kasi gani? Ni la upande mmoja au pande zote? Limeandamana na nini? Majibu ya maswali hayo manne hutenganisha umri na maradhi mara nyingi.

Namna ya kumwita mgonjwa nayo ni sehemu ya tiba. Si kila mwanamke mwenye mvi angependa kuitwa bibi na mtu asiyemjua. Kumwuliza mgonjwa jina analopenda kuitwa hakupunguzi heshima. Humrudishia nafsi yake. Kwa wazee, wakiwamo wenye maradhi ya kusahau, mazungumzo kuhusu nyimbo, picha na filamu za ujana wao hufungua mdomo uliofungwa. Butler huyo huyo aliandika mwaka 1963 kwamba mzee anayesimulia yaliyopita anafanya kazi muhimu ya kuyapanga maisha yake. Mazungumzo hayo hayaponyi ugonjwa wa ubongo, lakini huweza kumtuliza mgonjwa na kumkutanisha tena na jamaa zake.

Kwa mgonjwa na msomaji wa kawaida, hamu ya zamani ni mgeni wa kukaribishwa, asiyepewa ufunguo wa nyumba. Atazame filamu aliyoipenda, ikiwezekana pamoja na watoto wake au marafiki wa enzi hizo. Molly Ringwald alifanya hivyo na binti yake, kisha mwaka 2018 akaandika makala akieleza anayoendelea kuyapenda katika filamu zake za ujanani na yale ambayo sasa anaona hayakuwa sawa. Kukumbuka kwa upendo na kupima kwa akili ya utu uzima kwaweza kwenda pamoja. Lakini mtu akiona huzuni imedumu sehemu kubwa ya siku kwa wiki 2 au zaidi, amekosa raha ya mambo aliyoyapenda, usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, au anawaza kwamba heri afe, hiyo si hamu ya zamani tena. Huenda ni sonona, nayo ina tiba; afike kituo cha afya mapema.

Hitimisho

Waliokaa jukwaani Chicago hawakuwa wamemkosea mtu yeyote. Walifanya kile ambacho wengi wa rika lao hawakujaliwa: waliishi. John Hughes, aliyeandika na kuiongoza filamu ile, hakuwapo. Alifariki mwaka 2009 kwa shambulio la moyo akiwa na miaka 59. Mikunjo ambayo mashabiki waliiona usoni mwa wale watano ni kumbukumbu ya miaka ambayo yeye hakuipata. Mtazamaji akiweza kuutazama uso uliozeeka kwa jicho hilo, ataweza kujitazama hivyo kwenye kioo, na mhudumu wa afya ataweza kumtazama hivyo mgonjwa wake: amheshimu kwa miaka yake, kisha amchunguze kama ambavyo angemchunguza kijana.